Mzee Aliyeshindwa na Imondo

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji sikugusa mkasi wala sindano. Matroni, mama mrefu wa kutoka Lugari ambaye viatu vyake vilisikika kabla yeye hajaonekana, aliniongoza hadi kichwani mwa meza, akaniketisha kwenye stuli, akauchukua mkono wa mgonjwa na kuuweka kwenye kiganja changu. "Shika mshipa hapa," akaniambia. "Ukiacha kudunda usinitafute mimi. Mwambie huyu." Huyu alikuwa Mkuu wa Nusukaputi, mwanamume mfupi mwenye mvi, ambaye alinitazama mara moja tu kisha akarudi kwenye chupa yake ya etha, dawa ya usingizi ya siku hizo. Nilikaa pale mpaka mgonjwa aliposhonwa. Mguu ulikufa ganzi, mgongo ukaniuma, lakini ule mshipa sikuuachilia.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna mashine zinazopiga kelele mapigo yakishuka. Sisi tulikuwa na vidole na masikio. Etha yenyewe ilikuwa na harufu tamu ya kuchosha, ikishika nguo haitoki. Mume wangu alipenda kunitania kwamba tangu nianze kazi amekuwa analala usingizi mzuri, na kwamba hospitali ingefaa kumtoza ada. Dawa ilikadiriwa kwa jicho, pumzi ikasukumwa kwa mkono kwa mfuko mweusi wa mpira, na ukichoka ulibadilisha mkono, si mtu. Sisemi ilikuwa bora. Watu walikufa ambao leo wasingekufa. Lakini nikiri kwamba nazikumbuka siku zile kwa mapenzi ambayo siwezi kuyaeleza kwa daktari yeyote aliyezaliwa juzi.

Mkuu wa Nusukaputi alinifundisha kila ninachojua, na hakuwahi kupandisha sauti. "Mmbone," alikuwa akiniambia, "kumlaza mtu si kazi. Hata pombe ya busaa inalaza. Kazi ni kumwamsha." Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kwa kuwa hatukuwa na chombo cha kupimia nguvu ya mapafu, alimwendea mgonjwa wodini, akaketi, akamwomba ataje watu wa nyumba yake kwa pumzi moja, kuanzia mkubwa. Alisikiliza pumzi inakatikia wapi. Aliyefika kwa kitinda mimba bila kuhema alilala bila wasiwasi. Aliyekatikia njiani, Mkuu alirudi ofisini akafikiri upya. Tulikiita kipimo cha majina. Zaidi ya kupima, kilimfanya umjue mtu kabla hujamlaza, maana ukishamlaza hakuambii kitu.

Baada ya mafunzo, nikiwa muuguzi wa nusukaputi, nilipelekwa Malava, ambako karibu kila niliyemlaza alikuwa mama anayetolewa mtoto kwa upasuaji. Kisha Matungu, ambako msimu wa kukata miwa ulituletea miguu iliyokatwa kwa panga na vidole vilivyobanwa na tela. Mganga Mfawidhi wa huko alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi, na wote wawili tulizeeka vizuri pamoja. Niliporudishwa Kakamega mjini, Mkuu alikuwa amestaafu. Ile stuli ilikuwa bado ipo, imepakwa rangi mpya, nami nikaikalia.

Nimeshiriki katika upasuaji mwingi, lakini vijana wakiniuliza ni upi ninaoukumbuka, nawasimulia wa Mzee Lutomia.

Alikuwa mkulima wa miwa kutoka Kabras, umri umepita sabini, aliyewahi kuwa nyapara wa wakata miwa. Inasemekana sauti yake ilitoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine bila kuazima upepo. Alipoletwa kwetu sauti hiyo ilikuwa imehamia puani. Kope zake zilikuwa zimeshuka nusu, kama mapazia ya nyumba iliyofiwa. Nilikuwa wodini kumtazama mgonjwa wangu wa kesho yake, nikaombwa nisaidie kwa sababu mzee alikuwa amepaliwa na uji.

Daktari wa Magonjwa ya Ndani alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye tabia ya kumuuliza mgonjwa anakula nini na anakulaje. Aliketi kando ya kitanda.

"Baba, shida ilianza lini?"

Aliyejibu ni mkewe, ambaye wote walimwita Mama Nanjala kwa jina la binti yao wa mwisho. "Daktari, huyu mzee kwanza walisema ni mulevi. Asubuhi yuko sawa, jioni macho inaanguka, anaongea kama mtu ametoka kwa busaa. Kanisani wakamwambia akae nyuma kwanza. Na yeye hakunywangi."

"Mkamtibu wapi?"

"Kwa duka la dawa. Wakasema ni malaria, wakamweka kwinini. Hapo ndio alilegea kabisa, tukambeba na blanketi."

Daktari alimtupia jicho muuguzi, na nilijua dawa hiyo haitamgusa tena mzee huyu. Kwetu kila uchovu ni malaria mpaka uthibitishwe vinginevyo, na kwinini, inayowaokoa wengi, humdhoofisha zaidi mwenye ugonjwa kama ule.

"Lakini si hiyo ndio ilituleta," Mama Nanjala akaendelea, akitazama chini. "Huyu mzee alituaibisha kwa wakwe. Alitema imondo."

Nieleze kwa wasiokuwa wa kwetu. Kuku akichinjiwa mgeni, imondo, yaani firigisi, humwendea mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote pale mezani. Haigawanywi na haifungwi kwenye karatasi ikapelekwa nyumbani. Anayepewa huila mbele ya waliompa. Sisi wanawake zamani hata kuku mwenyewe hatukumwonja. Tulimpika, tukabaki na harufu. Sasa Nanjala alikuwa ameposwa na kijana wa Matungu, na Mzee Lutomia na ndugu zake wakaalikwa kwenda kuliona boma. Wenyeji wakampa baba mkwe imondo, na baba mkwe akaitoa mdomoni.

"Sikukataa," akasema mzee kwa ile sauti ya puani. "Nilianza nayo mzuri. Nikatafuna, nikatafuna, taya ikachoka kama ng'ombe ya kulima. Ikakataa kufunga. Nikaitoa pole pole nikaweka kwa hanki ya mfukoni."

"Wakaona?"

"Mama ya kijana aliona."

Tangu siku hiyo watu wa Matungu walikuwa wamekaa kimya. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyevunja uchumba, lakini hakuna aliyekuja wala aliyeita. Kimya cha wakwe ni kibaya kuliko matusi, maana matusi unaweza kuyajibu.

Daktari hakuchukulia kisa hicho kama porojo. "Mwanzo taya ilikuwa na nguvu," akarudia taratibu, "halafu ikachoka. Na asubuhi?"

"Asubuhi nakulanga obusuma mzuri. Jioni ugali hiyo hiyo nashindwanga."

Alimtuma mtu kantini, kwenye friji ya soda, alete barafu. Akaitia ndani ya glavu, akailaza juu ya ukope wa mzee, akangoja. Alipoiondoa, ukope ulikuwa umepanda, na jicho la nyapara lilitutazama wazi, kali kidogo. Kisha taratibu likaanza kushuka tena. Mama Nanjala alikaa chini bila kukaribishwa.

Ugonjwa huo unaitwa miastenia gravis. Daktari aliwaeleza kwa maneno ambayo nimeyaazima mara nyingi. Ubongo unataka msuli ufanye kazi, unatuma mjumbe. Mjumbe anafika mlangoni, lakini watu wa nyumba hiyo hiyo, yaani askari wa kinga ya mwili, wamefunga mlango kwa kudhani ni adui. Wajumbe wa kwanza wanapenya, wanaofuata wanachoka kubisha. Ndiyo maana mtu huanza vizuri akaishia vibaya. Kuna vidonge vinavyowafanya wajumbe wakae mlangoni muda mrefu zaidi, na mzee alipomeza cha kwanza, kabla ya chakula cha mchana, alitafuna mkate mpaka mwisho huku mkewe akimtazama kama bwana harusi.

Kisha zikaja picha za kifua. Nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi iitwayo thaimasi, mwalimu wa wale askari wa kinga tukiwa watoto. Tukikua husinyaa ikawa mafuta matupu. Ya Mzee Lutomia ilikuwa na uvimbe.

Daktari wa Upasuaji wa Kifua hakuwa mkazi wetu. Alikuja kwa zamu kutoka hospitali kubwa zaidi. Tulikutana kumjadili mzee. Msimamizi wa wodi, mtu mwema asiyependa makuu, alisema kwa umri ule tumwache na vidonge vyake. Hakukosea kwa jumla. Kwa wazee wasio na uvimbe, wataalamu wenyewe hawakubaliani kama kuitoa tezi iliyokwisha kusinyaa kunaleta faida yoyote ya kuhatarishia kifua.

"Angekuwa hana uvimbe ningekuunga mkono, tunywe chai," akasema Daktari wa Upasuaji. "Lakini uvimbe upo, na ukiachwa utakua uende kwenye mapafu na moyo. Uzee si ugonjwa. Mimi nitayauliza mapafu yake, si kitambulisho chake." Akanigeukia. "Sista, swali ni lako na daktari wako wa usingizi. Atapumua mwenyewe baadaye?"

Hilo ndilo lililonikosesha raha. Hatari ya watu hawa si kisu. Ni siku zinazofuata, misuli ya kupumua inapogoma na mtu kubaki ametundikwa kwenye mashine. Wengine hukaa humo muda mrefu. Mzee dhaifu anaweza asitoke.

Kwa familia mambo hayakuwa mepesi. Ndugu mmoja wa Mzee Lutomia, aliyekuwa msemaji wa ukoo, alikuja na kofia mkononi akatuambia kwamba kumpasua mtu wa umri huo kifua ni kumwita seremara mapema. "Mwachenyi mzee apumzike," alisema.

Mzee Lutomia alimsikiliza mpaka mwisho. "Nipumzike nikienda wapi?" akamuuliza. "Mtoto wangu hawezi kuolewa kwa nyumba inasema baba yake aliwatemea chakula. Mukitaka, mutume mtu Matungu aseme nilikuwa mgonjwa. Watasema ni uongo mzuri. Mdomo ilitema ndio itameza."

Nilielewa. Mtu wa mjini atacheka, lakini kwetu jambo lililofanywa mbele ya watu hurekebishwa mbele ya watu. Vidonge vilimwezesha kula uji na mkate. Firigisi ya kuku wa kienyeji ni habari nyingine.

Alitayarishwa kwa wiki kadhaa, kwa dawa za kuwatuliza askari wa kinga, na akapelekwa kule kwenye hospitali kubwa kusafishwa damu ili zile kinga zilizokosea njia zipungue. Mimi kila nilipomtembelea nilimpa kipimo cha Mkuu wangu. Mzee alikuwa amewaita watoto wake kwa majira: Wafula wa mvua, Nekesa wa mavuno, Simiyu wa kiangazi, Wanyonyi wa palizi, na mwisho Nanjala, aliyezaliwa mwaka wa njaa. Nilimtaka awataje pamoja na wake na waume zao na wajukuu, nyumba kwa nyumba, kwa pumzi moja. Mara ya kwanza alikatikia kwa Nekesa. Baada ya matayarisho alifika kwa Wanyonyi, akahema, akanitazama kwa hasira. "Huyu wa mwisho ananikwepa," alisema.

Asubuhi ya upasuaji nilimkuta amevaa gauni la hospitali kama mtu aliyeazimwa nguo.

"Sista, ni wewe unanilaza?"

"Ni mimi na daktari wangu."

"Na wa kuniamsha?"

"Ni mimi."

"Basi sawa," akasema, akalala chali.

Mgonjwa wa kawaida hupewa dawa ya kulegeza misuli ili mrija uingie kooni na mpasuaji afanye kazi kwa nafasi. Kwa mtu wa miastenia, misuli tayari imelegea nusu. Kipimo cha kawaida kinaweza kuiacha misuli yake imelala fofofo kutwa nzima. Daktari wetu bingwa wa nusukaputi aliamua tusiitumie kabisa. Tulimlaza kwa hewa ya usingizi mzito, polepole, mrija ukaingia bila ubishi. Mfupa wa kidari ukapasuliwa kwa msumeno, sauti ambayo sijawahi kuizoea. Uvimbe ulitoka mzima ndani ya gamba lake, ukubwa wa yai la bata, haujashika mapafu, na Daktari wa Upasuaji akakwangua na mafuta yote ya ile tezi. "Mwalimu mkuu amestaafishwa," akasema. Alikuwa mtu wa mizaha akiwa na furaha tu.

Kumwamsha kulikuwa rahisi. Alifumbua macho nilipomwita. Kumtoa kwenye mashine ndiko kulikotutoa jasho. Tulipopunguza msaada mara ya kwanza, alivuta pumzi vizuri kwa muda, kisha zikaanza kuwa fupi, mabega yakapanda, na ikabidi tumrudishe. Nje, ndugu yake alisimama na kofia yake, hakusema "niliwaambia", lakini kofia ilisema. Mama Nanjala aliniuliza swali moja tu: "Amechoka ama amekataa?" Nikamwambia amechoka. Nilimwambia kwa sauti ya uhakika kuliko moyo wangu. Niliogopa, sioni haya kusema. Nilikuwa nimemwahidi mtu kwamba nitamwamsha, na kumwamsha nusu hakuhesabiki.

Daktari wa Magonjwa ya Ndani alirekebisha dawa, tukangoja, tukajaribu tena, tukangoja. Subira huvuta heri, lakini husahau kukuambia kwamba inavuta polepole. Hatimaye asubuhi moja mzee alipumua mwenyewe kupitia mrija mpaka chai ya saa nne ikapita, na daktari bingwa akaniambia niutoe. Nikautoa. Akakohoa, akatulia. Nikamwacha apumzike, kisha nikauliza lile la Mkuu wangu.

"Wafula," akaanza kwa mkwaruzo. Nyumba ya mvua ikapita. Mavuno, kiangazi. Palizi, na mjukuu wa mwisho wa Wanyonyi. Pumzi ikaisha. Akafumba macho, akatikisa kichwa.

Baada ya siku kadhaa wodini walikuwa tayari kumruhusu aende nyumbani, yeye akakataa. "Siendi na mtoto mmoja amebaki hospitali," akamwambia Msimamizi wa wodi, ambaye alikuja kunilalamikia kwamba mgonjwa wangu ni mkaidi. Nikaenda. Mzee akaketi wima, akashika kifua chake kilichoshonwa, akaanza kutoka juu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kikapu. Alipomtaja Nanjala pumzi ilikuwa bado imebaki kidogo, akaitumia kuongeza, "wa njaa." Mama Nanjala alifunika uso kwa leso. Mimi pia nililia, tena hadharani, nikiwa na sare yangu.

Lazima niseme ukweli, kwa kuwa vijana hupenda miujiza. Upasuaji huu hauponyi siku ya kutoka hospitalini. Faida yake huja taratibu, kwa miezi, wakati mwingine zaidi, na wengine huendelea na vidonge maisha yao yote. Mzee Lutomia aliendelea navyo. Jioni akichoka ukope mmoja bado hushuka kidogo. Lakini mwezi kwa mwezi vidonge vilipunguzwa, na sauti ikashuka kutoka puani kurudi kifuani.

Habari za upasuaji zilifika Matungu, na wakwe wakatuma ujumbe kwamba wameelewa na wamesamehe, harusi iendelee. Ndugu zake wakafurahi. Yeye akawajibu: "Wasinisamehe. Wanipikie." Na akawaambia wangoje mpaka yeye mwenyewe aseme taya iko tayari. Nanjala na kijana wake wakangoja. Sijui ni vijana wangapi wa leo wangengojea taya ya mtu.

Nilistaafu mwaka jana. Nilirudisha funguo, nikaagana na stuli kwa kuipigapiga kama mbwa mzee. Watu huniuliza kama naikosa kazi. Naikosa kila siku asubuhi, saa ambayo ningekuwa nanawa mikono. Sikosi mashine. Nawakosa watu wale wanaokukabidhi pumzi zao bila kukujua, na namkosa Mkuu wa Nusukaputi, ambaye alizikwa kabla sijaweza kumsimulia kwamba kipimo chake cha majina bado kinafanya kazi.

Wiki chache baada ya kustaafu nikaalikwa Matungu. Mzee alikuwa amesema taya iko tayari. Tuliketi sebuleni, ukoo wake upande huu na wakwe upande ule, Nanjala akipita na maji ya kunawa asimtazame mtu. Mama wa kijana, aliyeona hanki siku ile, alileta sahani yeye mwenyewe na kuiweka mbele ya mzee. Imondo ilikuwa juu.

Nilisikia mjomba wa kijana akinong'ona kwamba siku hizi hata wanawake wanakula, na kwamba bila shaka mzee atampa Sista. Watu kadhaa wakanigeukia wakitabasamu. Nikaomba kimoyomoyo asinipe.

Hakunipa. Aliichukua, akaiuma, akaanza kutafuna. Nilimtazama taya kama nilivyotazama vifua vya watu maisha yangu yote: mwanzo una nguvu, ngoja mwendelezo, ngoja uchovu. Aliuma tena. Akatafuna tena. Ukope wa kushoto ukashuka kidogo, nami nikaona Mama Nanjala naye ameuona. Taya ikapunguza mwendo, ikasimama, ikaendelea. Kisha koo likapanda na kushuka, na akampanulia mama wa kijana mdomo ulio mtupu.

"Imepikwa mzuri," alisema. "Ni ngumu kidogo, lakini mzuri."

Mama wa kijana akacheka, na baada yake wote. Hapo ndipo nilipogundua kwamba vidole vyangu vilikuwa vimeshika mshipa wa mkono wangu mwenyewe, kwa nguvu, kama siku ile kwenye stuli. Nikauachilia, nikaomba obusuma.